Chemchemi za Kilwa: Maji Maangavu Hayatoshi

Miamba ya chokaa ya Vilima vya Matumbi, wilayani Kilwa, yalipo mapango ya Nang'oma, hupitisha maji ya mvua upesi kwenye nyufa zake bila kuyachuja kama ufanyavyo mchanga. Kwa hiyo chemchemi yaweza kutoa maji maangavu yaliyokwisha kubeba vimelea vya chooni au zizini, hususan wakati wa masika.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Katika mwamba wenye nyufa, hata umbali huo huenda usitoshe. Aidha, ardhi hiyo yenye unyevu ndiyo inayostawisha mboga kiangazi, na mwenye bustani naye huteka maji papo hapo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini na RUWASA, iliyoanzishwa mwaka 2019, hazina budi kuelewana naye kabla ya kusimika mawe ya mpaka.

Nyumbani, maji hayo yachemshwe, yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko na yachotwe kwa kata yenye mpini, kwani mkono mchafu ukiingia ndooni huyachafua upya.