Sauti Ikibanwa, Mahali Pake Pasipotee

Asimamaye alfajiri kwenye ufuko wa Rumonge, hata akifumba macho, hujua mambo yanakotokea. Mtumbwi wa wavuvi wa ndagala wanguruma upande wa kushoto, mawimbi yapiga mbele yake, na wachuuzi waitana nyuma. Siri imo katika masikio mawili: sauti ya upande hufika sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti isiyofikia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Ndivyo zisikikavyo pia ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Wapigaji hujipanga nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati. Maikrofoni moja huzirundika zote mahali pamoja, kama samaki ndani ya kikapu. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1970, Mwingereza Michael Gerzon na wenzake walibuni njia ya kunasa mikondo minne: sauti kwa jumla, mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini.

Lakini mzigo huwa mkubwa. Kwa kipimo cha sahani za CD, dakika moja ya mikondo minne hula megabaiti 21 hivi. Ya mikondo 16, karibu 85. Hapana budi kuibana.

Kubana ni kwa namna mbili. Ya kwanza ni kama kukunja mkeka: ukikunjuliwa, hurudi mzima. Ya pili hutupa kile ambacho sikio halitakitambua, kwa kuwa sauti kubwa hufunika ndogo. Hapa ndipo penye hatari. Sauti iliyofunikwa na ngoma ya mbele yaweza kusikika waziwazi itokapo ubavuni. Kila mkondo ukibanwa peke yake, tofauti hizo ndogo huvurugika, na ngoma huonekana kuhama. Kanuni ya kimataifa ya MPEG-H, iliyotolewa mwaka 2015, huzitenga kwanza sauti kuu pamoja na mwelekeo wa kila moja, kisha hubana mvumo uliosalia.

Basi jamaa wanasapo ngoma ya arusi au sauti ya mzee, yafaa waipeleke kwa ndugu nakala iliyobanwa, lakini ile ya asili waitunze nyumbani. Mzee hatapiga tena kwa ajili ya kilichotupwa. Maji yakimwagika hayazoleki.