Mchezeshaji Kijana Asigeuzwe Punda wa Timu

Kila msimu wa michezo ya vyuo unapokaribia, mazungumzo ya mji wetu hubadilika. Vibarazani, sokoni na hata vituo vya mabasi, watu huziweka kando habari za bei ya sukari wakaanza kuulizana ni chuo gani mwaka huu kimepata wachezaji. Safari hii jibu limekuwa moja. Chuo kimoja cha ualimu hapa mkoani kimepata kijana wa mwaka wa kwanza, mwenye umri wa miaka 18, mwembamba, anayetumia mguu wa kushoto, ambaye akiupata mpira katikati ya uwanja watazamaji wote hunyamaza kungoja atakachokifanya. Hatutalitaja jina lake wala jina la chuo chake, kwa sababu kijana wa umri huo anahitaji utulivu kuliko anavyohitaji sifa za magazetini.

Tunafurahi, na tuna haki ya kufurahi. Mkoa huu haujapata kuwa na upungufu wa vijana wenye mbio, wala wa mabeki wenye vifua. Tulichokikosa kwa muda mrefu ni mchezaji mwenye jicho: yule anayejua mahali mwenzake atakapofika kabla mwenyewe hajajua, akautuma mpira ukamngoje huko. Mchezaji wa namna hiyo ni adimu kila mahali duniani, na kwa hakika hapatikani kwa kukimbizwa mchangani asubuhi.

Lakini furaha yetu imeingia doa. Tumearifiwa na watu tunaowaamini kwamba katika muda wa siku nane kijana huyu alichezeshwa mechi nne. Mbili zilikuwa za chuo chake, ya tatu ilikuwa ya kirafiki dhidi ya timu ya watumishi, na ya nne ilikuwa ya ndondo, ambako mfadhili mmoja wa mtaani alimfuata kwa pikipiki na kumpa nauli na kidogo cha mfukoni. Katika mechi hiyo ya nne alicheza goti lake likiwa limefungwa bendeji, na watazamaji wakampigia makofi kwa ushujaa. Sisi hatukuona cha kushangilia. Tuliofundishwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwamba si haki mtu kuishi kwa jasho la mwenzake hatuna budi kusema kwamba unyonyaji hauko mashambani na viwandani tu. Hata uwanja wa mpira una wanyonyaji wake, na wengi wao huvaa skafu za timu.

Wako watakaosema kwamba kijana wa miaka 18 hachoki. Hao tunawaomba wayatazame yaliyomkuta Pedri wa Hispania. Kijana huyo, mzaliwa wa kisiwa cha Tenerife, alijiunga na Barcelona mwaka 2020 akiwa na miaka 17. Katika msimu wake wa kwanza aliichezea klabu hiyo mechi 52. Msimu ulipokwisha hakupumzika. Alikwenda na timu ya taifa katika mashindano ya Ulaya yaliyochezwa mwaka 2021, na kabla ya mwezi huo wa Julai kumalizika alikuwa ameshafika Japani kwa michezo ya Olimpiki ya Tokyo, alikorudi na medali ya fedha. Mechi zote kwa jumla zilifika 73. Dunia nzima ilimsifu, na akapewa tuzo za kuwa kijana bora. Msimu uliofuata misuli ya paja ilikataa. Aliumia mwezi Septemba 2021, akakaa nje hadi Januari 2022, akarudi, akaumia tena mwezi Aprili. Klabu iliyomtumia kama trekta ikaishia kumpata kwa chini ya nusu ya mechi za mwaka uliotangulia.

Tutajibiwa kwamba Pedri alipona na bado anacheza mpira wa kupendeza. Ni kweli. Lakini yeye alipona mikononi mwa madaktari waliosomea misuli ya wachezaji, na wataalamu wa kumpima kila hatua aliyokimbia. Kijana wetu, akichanika paja, atapata barafu kutoka kwa muuza samaki, atakandwa na mzee mmoja hodari wa mtaani, kisha ataambiwa avumilie kwa sababu fainali ni keshokutwa. Kinachopona Barcelona baada ya miezi mitatu, kwetu huweza kumaliza uchezaji wa mtu kabla hajafika miaka 20. Basi asiye na hospitali ya wachezaji ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi, si yule aliye nayo.

Si kwamba tunataka kijana afungiwe kabatini kama sahani za wageni. Kijana hujifunza mpira kwa kucheza mpira, na akikaa benchi msimu mzima atasinyaa. Neno letu ni juu ya namna ya kumtumia. Mwaka 1958 Brazil ilikwenda Sweden kwenye Kombe la Dunia ikiwa na kijana wa miaka 17 aliyeitwa Pele. Alikuwa na maumivu ya goti. Mechi mbili za kwanza hakuchezeshwa, ijapokuwa ya pili dhidi ya Uingereza ilimalizika bila bao na bila shaka ilimtamanisha kila mtu kumwona. Aliingia katika mechi ya tatu dhidi ya Urusi, na hadi mashindano yanakwisha alikuwa amefunga mabao 6, mawili kati ya hayo katika fainali waliyoshinda 5–2. Watu huyakumbuka mabao, wakasahau waliomzunguka. Aliyeendesha timu ile hakuwa Pele bali Didi, mtu mzima mwenye uzoefu, aliyeushika mpira pale ulipohitaji kutulizwa. Mtoto alipewa nafasi yake ya kucheza. Mzigo wa timu ulibaki kwa wakubwa.

Hapo ndipo tunapoona kosa la chuo tunachokizungumzia, nalo ni kosa la uwanjani hasa. Timu hiyo sasa inacheza kana kwamba wachezaji kumi wameajiriwa kumpelekea mmoja mpira. Kipa akidaka anamtafuta yeye. Beki akinyang'anya anamtafuta yeye. Mpira wa adhabu ni wake, kona ni yake, na kurusha nako amekwisha kuanza kuitiwa. Akiupata mpira, wenzake husimama wakamtazama pamoja na watazamaji. Sasa mchezeshaji atamchezesha nani, ikiwa wote wamesimama? Pasi ni maneno ya watu wawili, na anayesema peke yake tunamjua jina lake. Haishangazi kwamba katika mechi ya pili wapinzani walimpangia watu wawili wa kumganda, nao wakamganda kwa mateke, mchezo wa chuo ukafa palepale.

Kugandwa huko kungeweza kuwa faida. Wapinzani wanapotoa watu wawili kumfuata mmoja, mahali fulani uwanjani pana mwenzetu aliyeachwa bure. Kazi ya mwalimu wa timu ni kumfundisha huyo aliyeachwa ajue kwamba ameachwa, na akimbilie nafasi badala ya kusubiri miujiza. Winga wa kulia aingie ndani kijana anapovuta mabeki kushoto. Mshambuliaji wa kati arudi kidogo kumpokea beki wake, kisha ageuke. Nyuma ya kijana wawekwe viungo wawili wenye mapafu, watakaoukaba mpira na kuunyang'anya, ili yeye asilazimike kurudi hadi mbele ya lango lake kuutafuta na kuzitumia nguvu zake mahali ambapo hata beki wa kawaida angetosha. Tumesikia pia kwamba kuna wanaoshauri apelekwe pembeni kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Ushauri huo haufai. Mchezeshaji akiwekwa kwenye chaki hubakiwa na nusu ya uwanja, na jicho lake hutazama nje ambako kuna kibendera na mshika kibendera.

Tena chuo hicho kina mchezaji wa mwaka wa pili aliyeishika nafasi hiyo tangu mwaka jana. Hana ufundi wa kijana, lakini ana kichwa kilichotulia na wenzake wanamsikiliza. Tangu kijana alipofika, huyu amewekwa benchi bila hata kuambiwa neno, na tunasikia amenuna. Tunamwelewa. Kwa nini wawili hawa wasitumike pamoja, mkubwa akaanza nyuma kidogo kama Didi na mdogo akacheza mbele yake? Au siku nyingine mkubwa akaanza, na mdogo akaingia katika kipindi cha pili mabeki wakiwa wamechoka? Hiyo si dharau kwa kijana. Phil Foden wa Manchester City alichaguliwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2017. Angeweza kusema sasa ni zamu yangu. Katika msimu huo wa 2017/18 alicheza mechi 5 tu za ligi, zote akiingia kutoka benchi. Kwa miaka mitatu alifanya mazoezi kila siku pamoja na David Silva, akamtazama anavyojificha kwa mabeki na anavyotokeza, hadi Silva alipoondoka mwaka 2020. Msimu wa 2023/24 Foden alitangazwa kuwa mchezaji bora wa ligi ya Uingereza. Kwa umri huo, kungoja hakukumpunguzia chochote.

Wale tuliopitia chuo kile kingine, cha mkeka na msahafu, tunakumbuka mtoto mwenye sauti nzuri. Kila palipokuwa na hitima au maulidi alichukuliwa akasome, akapewa sambusa na sifa. Wenzake wasio na sauti walibaki chuoni, juzuu baada ya juzuu. Mwisho wa mwaka wao walikuwa wamefika mbali, naye angali akiisoma kwa lahani tamu sura ileile. Kijana wetu naye ana masomo. Karibuni wenzake watakwenda mazoezi ya kufundisha mashuleni, na tumeambiwa kwamba tayari amekosa vipindi vingi, kwa ruhusa na bila ruhusa. Mfadhili wa ndondo hatamfanyia mtihani.

Tunajua mwalimu wa timu naye ana shinikizo. Kombe likija, mkuu wa chuo hupongezwa, lisipokuja, huulizwa. Tamaa hiyo ya ushindi wa haraka imekwisha kutugharimu kama taifa. Mwaka 2005 vijana wetu wa chini ya miaka 17 walikuwa wameshafuzu fainali za Afrika nchini Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji, na nafasi yao ikachukuliwa na wengine. Tangu hapo tumepiga kelele nyingi juu ya mamluki na vyeti, na ni vyema. Lakini kumtumia kijana halali hadi avunjike nako ni kushindana kwa hila, ingawa hakuna kanuni inayokukataza.

Kwa hiyo tunamtaka Afisa Michezo wa mkoa aagize kila chuo kiwe na daftari la mechi za kila mchezaji, za chuo na za nje ya chuo, na daftari hilo likaguliwe kabla ya timu kupewa ruhusa ya kucheza. Asiyepumzika siku mbili baada ya mechi asipangwe. Mchezaji wa chuo asichukuliwe kwenda ndondo bila idhini ya maandishi ya mkuu wa chuo, na mfadhili anayemhitaji aandike barua badala ya kutuma pikipiki. Waamuzi nao wasingoje damu ndipo watoe kadi. Mateke yale ya mechi ya pili yalionekana hadi jukwaani.

Mashindano yataanza baada ya majuma machache. Kabla ya hapo kijana apelekwe hospitali ya mkoa, goti lake lipigwe picha, na majibu apewe yeye mwenyewe na wazazi wake kabla hajapewa kocha.