Mwalimu Hana Fedha, Atatufaa Nini?

Ndugu wanachama, swali hilo husikika Ukunda na Msambweni kila kura zikaribiapo. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mara ya kwanza, Pwani ilimpeleka Ronald Ngala, mwalimu. Na kura hazikuwa sawa! Mwenye elimu, mali au mshahara wa kutosha aliweza kupewa hadi tatu; kibarua asiyetimiza masharti hakupata hata moja.

Leo kibarua wa hoteli ya Diani ana kura sawa na tajiri, na wengine wetu huiuza kwa leso moja (tena leso nyepesi). Mwalimu akija kuomba kura, mwulizeni atasema nini Bungeni juu ya vibarua wanaoachishwa kazi watalii wakipungua.