Kuku Wanapokufa, Hasara Ni ya Nani?



Apitaye sokoni hapa Ng'ambo alfajiri hukuta matenga ya kuku yakingoja usafiri. Biashara hiyo si mpya. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika katika mji wetu na kununua kuku na nafaka kwa wenyeji. Reli nayo, ilipofika Tabora mwaka 1912, ilikuja kwa njia ile ile. Ipitapo mali, maradhi nayo hupita. Wazee wetu walilijua hilo kwa uchungu, kwani sotoka, iliyoingia Eritrea yapata mwaka 1887, ilishuka kusini na kuteketeza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na jamaa zilizokuwa na mazizi zikalala njaa.

Leo twaandika juu ya homa ya mafua makali ya ndege. Kirusi chake kilitambuliwa kwa mabata bukini huko Guangdong, China, mwaka 1996. Mwaka uliofuata watu 18 waliugua Hong Kong, sita wakafa. Februari 2006 ugonjwa ulithibitishwa Nigeria, katika shamba kubwa la kuku, ikiwa ni mara ya kwanza kwa kirusi hicho barani Afrika. Januari 2017 ulionekana Uganda, kwanza kwa ndege wa porini kandokando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha kwa kuku na mabata huko Masaka. Ziwa hilo ni letu pia, na ndege hawaulizwi pasi mpakani.

Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza vifaranga kutoka nje tangu mwaka 2006. Ndiyo sababu Oktoba 2017, huko Namanga, vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walichomwa moto. Kulinda mpaka ni wajibu wa serikali, na anayevusha vifaranga kwa magendo huhatarisha mabanda ya wenzake. Hata hivyo, kiumbe hai, hata kama lazima auawe, hastahili kufa kwa moto. Hilo twalisema bila kigugumizi.

Lakini Namanga ni mbali. Jambo linalotugusa sisi ni lile litendekalo uani. Kuku wakianza kuzubaa, vichwa vikavimba, mayai yakapungua ghafla na asubuhi ukakuta mizoga, sisi husema, “Ni mdondo tu.” Huenda ni kweli. Lakini mdondo na mafua makali hufanana mno kwa dalili, hata mtaalamu hawezi kuyatenganisha kwa macho. Ni lazima sampuli ipimwe maabara. Na sisi hufanya nini? Walio wazima bado huchinjwa au kuuzwa upesi kabla jirani hajajua, na mizoga hutupwa jalalani. Tangu mwaka 2003, karibu nusu ya watu waliothibitishwa kuugua aina ya H5N1 duniani wamekufa, na wengi wao walikuwa wameshika au kunyonyoa ndege wagonjwa. Anayemuuzia mwenzake kuku anayejua kuwa ni mgonjwa ametenda dhambi dhidi ya jirani, hata kama bei ilikuwa nafuu.

Hata hivyo, hukumu hiyo isiwe nyepesi kinywani mwetu. Mfikirieni mama aliyekopa katika kikundi chake, akajenga banda, akanunua kuku wa mayai 300, chakula na dawa. Wiki ya pili ya ugonjwa, marejesho yanadaiwa. Akienda kwa afisa mifugo, huenda kuku wote waliosalia wakaangamizwa, naye akabaki na deni tu. Akinyamaza, ataokoa nusu ya mtaji wake. Hapo mwaminifu ndiye anayeadhibiwa, na msiri analipwa. Kitabu cha Kutoka chafundisha kwamba aliyechimba shimo akaliacha wazi atamlipa mwenye ng'ombe aliyetumbukia. Je, yule anayetoa mali yake yote ili wengine wasitumbukie asilipwe na yeyote? Marekani, ambako kuku zaidi ya milioni 100 wamekufa au kuuawa tangu mwaka 2022, mfugaji hulipwa na serikali kwa ndege walioangamizwa kwa amri yake. Najua hazina yetu si kama yao. Lakini fidia, hata ndogo, ikilipwa mapema, huleta taarifa mapema.

Basi, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, pelekeni swali hili kwenye vikao vya mtaa na kata kabla kuku hawajafa: tukitoa taarifa, fidia ni kiasi gani, italipwa na nani, na baada ya siku ngapi? Vikundi vya kukopeshana navyo vijadili kusitisha marejesho ya mwanachama ambaye banda lake limefungwa kwa ugonjwa.

Wakati huo huo, tusiache chanjo ya mdondo. Ile itengenezwayo hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, kule Kibaha, hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haizuii mafua makali. Lakini katika banda lililochanjwa, kuku wakifa kwa wingi, hakuna atakayesema kwa haraka kwamba ni mdondo tu.