Stika Iliyonikataza Kufungua

Chini ya gurudumu langu la umeme kulikuwa na stika ndogo, imebandikwa juu ya kichwa cha skrubu. Ilisema kwa Kiingereza kwamba ukiitoa, waranti imekufa. Niliitoa Jumamosi asubuhi, sebuleni, juu ya kanga kuukuu ya mama.

Kwa asiyekijua chombo hiki: ni tairi moja lenye pedali mbili, halina kiti wala usukani. Ukiegemea mbele kinakwenda, ukiegemea nyuma kinapunguza mwendo. Mota iliyo katikati ya gurudumu ndiyo inayokushikilia usianguke. Mota ikikata, wewe unaendelea na safari peke yako. Yangu iliishia kwenye lami ya Sinza, kidevu kikitangulia.

Dukani nilikokinunua walikitazama dakika tano, wakasema mota imekufa, ninunue nyingine. Bei yake ilizidi nusu ya bei ya chombo kizima. Nikaomba mchoro wa umeme. Kijana wa kaunta akacheka. "Hata sisi hawatupi, kaka. Na usikifungue, ni hatari."

Ugomvi wangu unaanzia hapo. Ni kweli ni hatari. Betri yangu ina seli 16 zilizofuatana, kila moja ikijaa inafika volti 4.2, jumla volti 67.2. Seli ya lithiamu ikishika moto, kuizima ni kazi. Mama alisimama mlangoni akasema, "Utaunguza nyumba ya watu." Hakukosea. Lakini anayejali usalama wako hukwambia uanzie wapi: chomoa betri kwanza, subiri kapasita zimalize umeme uliobaki, usiache bisibisi karibu na ncha za betri. Kijitabu nilichopewa hakina hata sentensi moja ya hayo. Kimejaa makatazo tu. Watu watafungua hata hivyo, kwa sababu hawana hela ya mota mpya, na watafungua gizani. Anayeficha maelezo anaongeza hatari ileile anayodai kuizuia.

Ndani nilikuta mpira wa kuzuia maji umekunjika upande mmoja. Mvua za masika zilikuwa zimepita hapo. Kutoka kwenye mota zinakuja nyaya tatu nene za umeme, na tano nyembamba za sensa zinazoijulisha bodi gurudumu limefika wapi. Nilirudisha betri, nikaweka mita kwenye nyaya za sensa, nikazungusha tairi polepole kwa mkono. Sensa mbili zilipanda na kushuka kama inavyotakiwa. Ya tatu ilikaa kimya. Nikafuata waya wake hadi kwenye plagi: pini imeota kutu ya kijani.

Mota haikuwa imekufa. Nilichomoa betri tena, nikakata kipande kibovu na kuunga waya kwa lehemu niliyokuwa nayo.

Msiniambie haiwezekani kiwandani. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya betri: kuanzia Februari 2027, betri za vyombo vyepesi vya usafiri, pamoja na seli zake, lazima fundi wa kujitegemea aweze kuzitoa na kuzibadilisha. Ina maana kiwanda kinaweza. Kinasubiri kulazimishwa. Na sisi tunaoletewa vyombo hivyohivyo hatujamlazimisha mtu.

Hatujaomba, hata. Hapa nasema na wenzangu wenye vyeti. Sensa ile inaitwa kwa jina la Edwin Hall, aliyegundua kanuni yake mwaka 1879. Nilisoma fizikia hadi kidato cha sita, na bado stika ya ukubwa wa kucha ilinitisha wiki tatu. Fundi simu wa Kariakoo, ambaye huenda hakufika huko, angeibandua kabla hajakaa kitini. Tumefundishwa kufaulu mitihani ya vitu tunavyoogopa kuvigusa, kisha tunamdharau anayevigusa. Dukani ukiambiwa "nunua nyingine", uliza mbovu imepimwa kwa kifaa gani. Uliza mchoro uko wapi. Uliza kabla hujalipa, wakati bado wanakuhitaji.

Nilikijaribu kwanza nikiwa nimekiinua, kisha koridoni, mkono ukutani. Ukiunga waya vibaya kwenye chombo kama hiki, kidevu chako ndicho kitakachojua. Kilitulia.

Mama alichungulia. "Kimepona?"

"Kimepona, mama."

"Basi niondolee kanga yangu hapo."