MAONI: Tisheti ya bure imewaponza wanamuziki wa Garsen

Ukienda shoo ya hip hop Nairobi siku hizi, kabla hujamwona msanii utaiona meza. Kofia, hudi, tisheti, zote zina jina la kundi. Shabiki wa Wakadinali akivaa Rong Rende kifuani anatembea nayo kama mwingine anavyotembea na jezi ya Gor Mahia, na ameilipia. Hakuna anayemshangaa.

Sasa beba meza hiyo hiyo, ipandishe basi la Malindi kwenda Garsen, uitue kijijini Wema, kwenye delta ya Mto Tana, siku ambayo vijana wa bendi ya hapo wanapiga harusini. Itauza nini?

Jibu la haraka, ambalo hata wanamuziki wenyewe hulitoa, ni kwamba watu wa mashinani hawana doo. Mimi nalikataa. Shida ya meza hiyo si mifuko ya watu. Shida ni tisheti.

Tisheti kule ina historia yake. Inaletwa na mgombea ubunge ikiwa na sura yake. Inaletwa na shirika lililokuja kuhubiri amani baada ya mapigano ya 2012 na 2013 kati ya Wapokomo na Waorma. Inaletwa siku ya kunawa mikono, siku ya chanjo, siku ya kupanda miti, na kila mafuriko yakipita kuna mradi unaokuja na tisheti zake. Mtu anaweza kuwa na tisheti kumi nyumbani na hajatoa hata shilingi kwa moja. Kwake hiyo si nguo ya kununua, ni karatasi ya kampeni iliyowekwa mikono.

Ndiyo maana kijana wa bendi akichapisha tisheti thelathini na kuzipanga mezani, jirani anakuja na tabasamu na kusema, "Nipe yangu basi, si mnagawa?" Hamdharau mtu. Amezoeshwa hivyo na watu wenye pesa kushinda bendi. Kijana anagawa mbili kwa aibu, tatu kwa sababu ya shangazi, na mtaji umekwisha.

Kama unadhani hadhira hiyo haitoi pesa, basi hujakaa harusini Pwani. Wimbo ukikolea, mama anainuka kwenye kiti, anacheza taratibu hadi mbele ya mwimbaji, noti ya mia imekunjwa vidoleni. Anamtunza. Mwingine akiona hivyo anainuka na mbili. Kuna wanaotuma watoto wakachenjiwe ili wapate kutunza mara nyingi. Mtu ambaye asubuhi alibishana na mwuza nyanya kwa shilingi kumi, usiku anamwaga mia tano mbele ya kinanda, na hakuna aliyemlazimisha.

Analipia nini? Analipia kuonekana. Tuzo ni heshima ya hadharani: mwimbaji atamtaja, wenzake watamwona, na kesho itazungumzwa. Kisha tazama meza yetu ya tisheti iliyoigwa Nairobi. Imewekwa pembeni, gizani, nyuma ya spika, na anayeisimamia yuko kwenye TikTok. Ukinunua hapo hakuna anayejua kama umenunua. Bendi imechukua jambo ambalo Pwani hufanywa mbele za watu ikalificha kama soda ya magendo.

Kuuza bidhaa ya muziki si jambo geni kwetu. Mombasa ilikuwa na Mbwana Radio Service, duka ambalo lilisambaza taarabu kwa miaka mingi. Enzi za kanda, taarabu iliyopigwa harusini ilirekodiwa papo hapo, kisha kanda zikanakiliwa na kuuzwa kwa waliokuwepo na kwa waliojutia kukosa. Soko lilikuwepo, na lilikuwa moto. Ila mara nyingi aliyekaa na kanda ni mwenye duka, na aliyekaa na sauti ni mwenye njaa.

Leo mwenye duka amebadilika tu. Garsen, kama senta nyingine yoyote ya Kenya, ina vijana wenye kompyuta moja na kibanda cha kujaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Dereva wa boda analeta flashi yake, anajaziwa nyimbo, analipa, anaondoka na spika inanguruma. Kwa hivyo muziki unauzwa, kila siku, kwa pesa taslimu. Anayeuza tu ndiye si mwenye muziki. Bendi ingekuwa na flashi zake siku ya shoo, zenye nyimbo zake na rekodi ya harusi ya wiki iliyopita, ingekuwa inauza kitu ambacho watu tayari wamezoea kulipia. Hapo huhitaji kumfundisha mtu tabia mpya.

Na usiniambie wasubiri mrabaha. Mwaka 2016 kundi la Elani, ambalo nyimbo zake zilikuwa zinapigwa redioni asubuhi hadi usiku, lilijitokeza likasema chama cha MCSK kilikuwa kimelilipa Sh31,000. Mwaka 2019 wanamuziki wakatangaziwa mgao wa Sh2,530 kila mmoja na mitandao ikawaka moto. Kama hao ndio mastaa wa jiji, kijana wa Wema ambaye wimbo wake haujawahi kufika stesheni ya Nairobi atasubiri nini?

Turudi mezani. Kama si tisheti, ni nini? Mimi nasema leso.

Leso ndiyo nguo ya Pwani yenye maneno. Ina jina lake pale chini, na mtu huinunua kwa sababu ya jina hilo: anamjibu wifi, anamshukuru mume, anamtupia mafumbo jirani bila kufungua kinywa. Wakati vijana wa Ulaya hawajajua kuandika jina la bendi kifuani, nyanya zetu walikuwa tayari wanatembea na ujumbe kiunoni. Na muhimu zaidi, hakuna anayetarajia leso ya bure kutoka kwa bendi. Ndiyo, wanasiasa nao wamezivamia, lakini hata anayepewa leso ya kampeni bado anajua bei ya leso nzuri.

Utaniambia kiwanda hakichapishi leso ishirini. Kweli, kinataka mzigo mkubwa, na bendi ya watu sita haiwezi. Lakini kuna njia ya mkato ambayo sijui kwa nini haitumiki. Nenda Biashara Street, Mombasa, ambako Kaderdina wameuza leso zenye chapa ya "Mali ya Abdulla" kwa zaidi ya miaka mia moja. Tembea duka hadi duka ukisoma majina. Tafuta jina linaloingiliana na wimbo wenu. Hakuna? Basi tungeni wimbo juu ya jina mlilolipenda. Taarabu na leso zimeazimana maneno tangu zamani na hakuna aliyeshtaki. Nunueni jozi kumi kwa bei ya jumla. Usiku wa shoo, wimbo huo ukianza, mwimbaji awe ameivaa.

Halafu meza isogezwe mbele, pale pale watu wanapotunzia. Mama akinunua leso, atajwe na mwimbaji kwa jina la mwanawe mkubwa, kama anavyopenda kuitwa. Utaona wa pili anainuka. Simu nayo iwe tayari na nambari ya Lipa na M-Pesa iandikwe kwa maandishi makubwa, maana saa nne usiku hakuna aliye na chenji.

Kwa wanaume, stika. Hapa sina maneno mengi. Boda boda ina nafasi ya maneno nyuma, mbele, pembeni, na wenye boda hawaachi nafasi wazi. Stika ya shilingi hamsini inatoka Wema, inapita Garsen, inaingia Minjila, na inarudi jioni na vumbi. Tangazo gani la redio litakufanyia hivyo kwa hamsini?

Nayasema haya kwa uchungu kidogo kwa sababu Tana River ina mazoea mabaya ya kutoa kitu kizuri kikaliwe kwingine. Maembe yanajaa kule hadi yanaoza, broka anakuja na lori, anataja bei yake shambani, na juisi unainywa wewe Nairobi. Muziki vilevile. Melodi ya wimbo wa taifa, ile tunayosimamia wima tangu 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mzee Meza Galana, ambaye jina lake hutajwa na wimbo huo, wengi wenu mnaosoma hapa hamjawahi kumsikia. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa asilia na sanaa za jamii, na ni vizuri, lakini sheria haileti mafuta ya jenereta Ijumaa jioni.

Mafuta hayo, na spika. Delta ikifurika, kama ilivyofurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, watu huokoa watoto na magodoro kwanza. Bendi isiyo na akiba ikipoteza ampu mara moja imekufa, na mpiga gita wake utamkuta hotelini Malindi akipigia watalii nyimbo za watu wengine. Wahenga walisema wema hauozi. Sawa, lakini ampu ya Wema inaoza.

Ninyi wa Nairobi na Mombasa mnaorudi nyumbani Desemba kwa harusi za binamu, mna sehemu yenu. Mnalipa elfu moja na mia tano kwa kofia ya msanii hapa mjini bila kuguna, kisha mnafika kwenu mnamwita mpiga ngoma "kijana wetu" ili awape bure. Acheni. Mpeni pesa yake mbele za watu, kwa fujo kabisa.

Na kwa wenye bendi, kampeni za 2027 zinanukia. Wagombea watawaita mpande kwenye malori, mpige tangu asubuhi, na mwisho wa siku mpewe "nauli" na tisheti moja moja yenye sura ya mtu. Pigeni, kazi ni kazi. Lakini siku wakija kuzungumza bei, kabla hamjakubali chochote, waulizeni meza yenu ya leso itakaa upande gani wa jukwaa.