Kutoonekana kwenye kipimo si kupona

Kuna jambo moja ambalo huku mtaani kwetu Ipagala, Dodoma, bado linawachanganya wengi. Mtu anayemeza ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, anapima wingi wa virusi kwenye damu, anaambiwa havionekani, basi anahesabu amepona na dawa zinabaki kabatini.

Kirusi cha UKIMWI kikiingia kwenye seli ya CD4 huchomeka vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli hiyo. Baadhi ya seli hizo ni za kumbukumbu, hutulia miaka mingi, na kirusi hulala humo kama mbegu ardhini wakati wa kiangazi chetu cha Dodoma. ARV huzuia kirusi kinachozaliana, kilicholala hazikigusi. Seli ikiamshwa, mathalani mwili unapopambana na ugonjwa mwingine, nacho huamka. Kwa aliyeacha dawa, mara nyingi virusi hujaa tena kwenye damu ndani ya wiki chache tu.

Mwaka 2011 watu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Masapila, wakiamini kinaponya. Wapo walioacha ARV baada ya hapo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Hata Marekani, mtoto wa Mississippi aliyedhaniwa amepona alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa, kisha mwaka 2014 virusi vikaonekana tena.

Ndugu zangu mnaomeza dawa bila kukosa na virusi vyenu havionekani, hamwaambukizi wenza wenu kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa, na linadumu maadamu dawa zinaendelea.